Mbwa Niliyemtoa Nje kwa Heshima ya Mgeni

Haya, ndiyo. Yule mama mnene kwenye video, anayekimbia na gagulo la pinki mvua inamnyeshea, huku mbele yake mbwa anaburuta baiskeli ya watu, ni mimi. Siyo "kafanana na Mama Tabitha", ni mimi mwenyewe mnayeosha naye karoti hapa kila wiki, na nimewaona tangu nirudi Shume mnavyonisalimia mnauma midomo. Na wewe Mama Eliza, Jumapili ulicheka katikati ya wimbo mpaka sauti ya pili ikapotea kabisa, nikakuacha kwa sababu tulikuwa kanisani. Sasa hatuko kanisani. Mtanisikiliza mpaka mwisho, halafu anayetaka kucheka acheke akiwa anajua anacheka nini.

Nina aibu, sikatai. Ila hasira ninayo zaidi, na sehemu kubwa ya hiyo hasira ni yangu mimi juu yangu mwenyewe, ndiyo maana hainiishi.

Mnajua Tabitha wangu yuko Ujerumani, anauguza wazee. Anaishi ghorofa ya nne, chumba kimoja cha kulala na sebule, na mwaka wote wa kwanza kila akinipigia simu alikuwa analia. Sisemi kulalamika, nasema kulia, mtoto mzima wa miaka ishirini na saba. Anatoka kazini, anafunga mlango, hakuna wa kumwambia hata "pole na kazi", anakaa humo mpaka kesho yake. Majirani anakutana nao kwenye ngazi wanainamisha kichwa basi. Nikawa naomba, nafunga, namwambia mchungaji amwombee. Halafu siku moja akanipigia anacheka. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Mama, nimechukua mbwa."

Mbwa! Nikasema mtoto amechanganyikiwa. Mbwa ghorofa ya nne atalinda nini? Nguruwe pori watapanda ngazi? Akanieleza kwamba kuna kituo cha mbwa waliotelekezwa, unaenda, unaandika jina, wanakuhoji kuliko unavyohojiwa ukitaka kubatiza mtoto, halafu wanakupa mbwa kwa kukujaribu kwanza. Miezi mitatu. Ndani ya hiyo miezi wanakuja nyumbani kukagua anaishije, wakiona hawakuridhika wanamchukua. Huyo wake anaitwa Otto, mzee, wa kahawia, sikio moja limechanika, alipigwa sana huko alikotoka. Mimi nikasema haya, mradi mwanangu halii.

Basi akanikatia tiketi nikamtembelee mwezi mmoja. Nimefika, jamani, yale niliyoyaona! Mbwa ana kitanda. Ana blanketi. Ana koti la mvua (mimi nimezaa watoto wanne hapa Shume, nani kati yao aliwahi kuwa na koti la mvua?). Jioni anapanda kwenye kochi anaweka kichwa kwenye paja la Tabitha, na Tabitha anamhadithia habari za kazini kwa Kisambaa. Kwa Kisambaa! Na mbwa anasikiliza. Nilitaka kusema mengi, nikayameza, maana nilimwona mwanangu amenenepa na uso umerudi.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi Tabitha anavaa viatu ananiambia, "Mama, leo saa nne anakuja yule mama wa kituo kukagua. Ni ukaguzi wa mwisho, akiridhika Otto ni wangu moja kwa moja. Nimeomba ruhusa, nitakuwa nimerudi. Wewe usihangaike na kitu, na Otto mwache kama alivyo."

Mwache kama alivyo. Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili.

Lakini nawauliza nyinyi, wanawake wenzangu wa huku milimani, mgeni mkubwa anakuja nyumbani kwako, mtu mwenye faili, mwenye uamuzi juu ya mwanao, unamwacha akute mbwa amelala kwenye kochi? Semeni! Si unamtoa? Unamfunga nyuma ya jiko, unadeki, unafungua madirisha harufu itoke, halafu ndiyo unamkaribisha mtu. Hata mwinjilisti akipita tu kusalimia, mbwa anatoka. Nikasema huyu Tabitha ananionea huruma nisichoke, ila moyoni anatamani nyumba ipendeze. Nikaamua kumfanyia mwanangu kazi. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, mdogo, wa heshima.

Nikainjika makande yachemke taratibu, mgeni asije akaondoka bila kula. Nikavaa fulana ya umoja wa wanawake na gagulo, nikajifunga khanga juu, nikadeki. Kitanda cha Otto nikakitupa nje kwenye kibaraza cha ghorofani, na blanketi lake, na bakuli zake, na mdoli wake wa kutafuna, nikafunga mlango wa kioo, nikavuta pazia. Kochi nikalikung'uta manyoya yote, nikatandika vile vitambaa nilivyofuma mwenyewe kumpelekea zawadi, vyeupe, vyenye maua pembeni. Nyumba ikang'aa! Nikajisifu kabisa. Nikasema huyo mama akiingia humu atajua Tabitha ametoka kwa watu.

Akabaki mbwa. Kamba ya mbwa siioni (Tabitha alikuwa ameiweka kwenye kabati la viatu, hayo nilikuja kuambiwa baadaye). Muda unakwenda. Nikasema khanga itafaa, nashuka mara moja tu, nani ataniona, nikirudi navaa gauni langu la kitenge. Nikaifungua khanga kiunoni, nikamfunga shingoni, tukashuka naye ngazi pekupeku, kwa sababu sakafu ilikuwa mbichi na sikutaka kuichafua na kandambili. Ananifuata kwa upole, maskini, anadhani anapelekwa kutembea. Uani hapakuwa na mti wala nguzo, palikuwa na baiskeli imeegemezwa ukutani, nikamfunga hapo. Mvua ilikuwa inanyesha manyunyu. Nikamwambia, "Tulia, mgeni akiondoka nakurudisha."

Nikapanda ghorofa zangu zote nne, kufika juu, mlango haufunguki.

Hakuna aliyeniambia kwamba mlango wa kule ukiurudishia tu umejifunga! Hakuna! Nikasukuma, nikagonga kana kwamba kuna mtu ndani. Simu iko ndani, gauni liko ndani, makande yako jikoni, na mimi niko kwenye ngazi za Wazungu na gagulo. Nikakaa chini nikasema nitamsubiri Tabitha hapahapa. Nikakaa, nikakaa, mpaka nikasikia harufu, maji yamekauka, makande yameanza kuungua, na mara ndani ya nyumba kukaanza kulia kitu, piiiii, piiiii, kile king'ora chao cha moshi, kinapenya mpaka kwenye meno. Milango ikafunguka ghorofa zote. Watu wanashuka mbio wamebeba paka na makoti, wananisemesha, mimi Kijerumani najua "asante" na "habari za asubuhi", nikawaambia asante, nikashuka nao.

Kumbe Otto naye amekisikia. Nimefika uani namwona ameruka, baiskeli imedondoka nyuma yake kwa kishindo, kishindo kile kikamtia kichaa zaidi, akatoka mbio kuelekea getini anaiburuta, na khanga yangu imenyooka katikati. Mbwa wa Tabitha! Nikaona akifika barabarani amekufa, na mwanangu anarudi kwenye kulia. Jamani, nilikimbia. Nilisahau gagulo, nilisahau umri, nilisahau goti langu la kushoto. Napiga kelele "Popi! Popi!" maana kichwani jina la Otto lilikuwa limepotea, na huku kwetu mbwa asiye na jina ni Popi. Na kuna mtu, mzima, mwenye akili zake, alisimama dirishani ghorofa ya pili akaona hayo yote, na alichoona cha kufanya ni kushika simu na kupiga video. Imepita wapi mpaka ikafika Shume kabla yangu, mimi sijui, na nikimjua aliyeileta kwenye kundi letu la simu tutaongea.

Getini alikuwa anaingia mama mmoja mfupi, mwenye miwani, ameshika mwavuli. Nikamwonyesha kwa mikono, "Mkamate! Mkamate huyo!" Akatupa mwavuli, akapiga magoti kwenye maji, akamshika Otto shingoni, akamkumbatia na matope yake. Nikamshukuru Mungu. Nikamshika yule mama mkono kwa mikono yangu miwili, nikapiga goti kidogo, "Asante mama, asante sana."

Ningeishia hapo. Laiti ningeishia hapo. Lakini hasira zilikuwa zimenipanda, na mbwa akikutia aibu mbele za watu huku kwetu unafanyaje? Nikaokota kijiti. Kijiti, siyo gogo! Nikakiinua tu, nikasema, "We mbwa we!" Sikumgusa, naapa, sijamgusa hata unyoya. Otto akalala chini kifudifudi, akajikojolea, akajisogeza kwa tumbo mpaka nyuma ya miguu ya yule mama, anatetemeka mwili mzima. Nikakitupa kile kijiti palepale. Yule mama akanitazama. Akafungua begi lake, akatoa faili.

Mama Eliza, hapo mbona hucheki? Video inakatikia wapi, si kwenye gagulo? Basi endelea kusikiliza.

Tabitha akafika anahema, basi lilichelewa. Akamwangalia mbwa, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, huyu ndiye mgeni wetu." Akampa yule mama mkono, wakaongea Kijerumani, tukapanda wote. Alifungua mlango, akakimbilia jiko, akazima, moshi ukatoka. Yule mkaguzi akasimama sebuleni anazungusha macho kwenye vitambaa vyangu vyeupe, akauliza kitu. Tabitha akanigeukia.

"Mama, anauliza Otto analala wapi. Kitanda chake kiko wapi?"

Nikamjibu kwa fahari, mjinga mimi, bado sijaelewa, "Mwambie asiwe na wasiwasi, mbwa halali humu. Vitu vyake vyote nimevitoa nje."

Tabitha hakuyatafsiri. Yule mama alikwenda mwenyewe akavuta pazia, akaona kitanda kimelowa chapachapa, na mdoli umeelea kwenye bakuli. Akaandika. Dakika kumi baadaye alishuka na Otto, na Otto kwenye kona ya ngazi akageuka akamwangalia mwanangu.

Nilitegemea Tabitha anigombeze. Bora angenigombeza! Siku tatu, kila asubuhi, "Shikamoo mama," namjibu, "Marahaba mwanangu," ananipikia, anakwenda kazini, anarudi, anakula amesimama jikoni kwa sababu kwenye kochi hakai tena. Alivifua vitambaa vyangu vilivyoingia moshi, akavinyoosha, akavirudisha palepale. Usiku hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Siku ya nne nikamwambia vaa viatu tunakwenda huko kituoni. Akasema mama acha. Nikamwambia vaa viatu! Tukaenda. Nikamkuta yule mama ofisini, nikasimama, nikamwambia Tabitha atafsiri kila neno asiruke hata moja. Nikasema, "Mwambie kwetu mgeni wa heshima akija, mbwa anatoka nje. Sikumtoa kwa kumchukia mbwa, nilimtoa kwa ajili yako wewe. Kosa ni langu. Mtoto aliniambia nimwache, sikumsikia."

Yule mama alisikiliza. Akavua miwani, akaongea polepole, na Tabitha akaanza kutafsiri halafu akakwama. Nikamwambia sema. Akasema, "Mama, anasema ameelewa, na anakushukuru. Anasema Otto anaweza kurudi. Lakini kwa hali yake ile hawezi kurudi kwenye nyumba alimoogopeshwa, mpaka mtu aliyemwogopesha awe hayupo."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za mwezi wangu. Kwa mwanangu. Ambaye nilikuwa sijamwona miaka miwili.

Nikauliza nasaini wapi. Kulikuwa na karatasi yenye mstari wa wanaoishi kwenye nyumba, wameandikwa wawili, Tabitha na Otto, na chini yake mstari wa mgeni na tarehe ya kuondoka. Mimi nilimbeba mgongoni yule mtoto kutoka Mgwashi, tulikokuwa tumekwenda kusalimia, mpaka hospitali ya Bumbuli anaungua homa, nikaweka sahihi yangu kwenye mstari wa mgeni.

Kwa hiyo wale wanaosema Mama Tabitha alifukuzwa, na wale wanaosema alishindwa maisha ya kule, nyote nyamazeni. Niliondoka kwa miguu yangu, Jumamosi, na Jumamosi hiyohiyo jioni mbwa akarudi. Na naapa mbele yenu na mbele ya hizi karoti, sitaingia tena kwenye nyumba ya mtoto wangu nikaitengeneza iwe yangu. Jana alinipigia, anacheka, namsikia yule mbwa anapumua pembeni yake. Akaniambia, "Mama, njoo tena mwakani." Nikamwambia, "Kamuulize kwanza mwenye nyumba mwenzako."