Kisutu cha Bibi na Harara ya Mtoto

Enzi zetu Temeke, wakati wa Mwingereza, tulilalia mito ya sufi tuliyoichambua wenyewe. Matunda ya misufi yakipasuka, tulikaa barazani kutoa mbegu, sufi ikituingia puani, tukipiga chafya mpaka machozi. Mama alitukataza kucheka kwa sababu kicheko kiliirusha yote hewani. Vijana wa leo wakiuona mto wa sufi huuliza mbona una mabonge. Una mabonge kwa sababu tulikuwa wavivu, lakini haukuwahi kumtoa mtu jasho la kisogo.

Mama alikuwa na masharti. Dukani kwa Mwarabu hakununua kitambaa kabla hajachomoa uzi pembeni na kuuwasha kwa kiberiti. Ukiacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi, ni pamba, anakatiwa yadi zake. Ukijikunja kuwa kidonge kigumu cheusi, jora linarudi rafuni. "Nguo isiyokunywa jasho haivaliwi nyumba yangu," alisema, nami kwa aibu najificha nyuma ya magunia ya mchele.

Kwetu mtoto mchanga hakufungwa kitu kipya. Marekani, ile pamba nyeupe ya dukani, ilikuwa na wanga, ngumu, inakwaruza. Alifungwa khanga kuukuu iliyofuliwa miaka mingi mpaka ikalainika. Mama alipokaribia kumzaa mdogo wangu Idi, khanga laini kuliko zote nyumbani ilikuwa kisutu cha Bibi, mama yake mama, aliyefariki mwaka uleule. Na kisutu hicho nilikuwa nakilalia mimi. Kilikuwa bado na harufu ya udi wake. Nilijua kikienda kwa mtoto kitakatwa nepi, na mie nitakuwa nimempoteza Bibi mara ya pili.

Nikakificha ndani ya mto wangu, nikaushona. Mama akakitafuta kila mahali. Nikamwambia sijakiona.

Idi alipozaliwa, shangazi alileta kutoka mjini kitambaa cha nailoni cha waridi, kinang'aa. Mama alishukuru kwa adabu, akakiweka sandukuni. Mchana mmoja alipopitiwa na usingizi, nilikitoa nikamfunga Idi, nionyeshe kwamba kisutu hakihitajiki. Jamani, alipendeza! Nikambeba uani kuwaonyesha majirani. Kufikia alasiri shingo na mgongo vilikuwa vimejaa harara, analia mpaka sauti imekauka.

Mama hakunipiga. Alichomoa uzi wa ile nailoni, akauwasha, akaniwekea kidonge cheusi kiganjani kilipopoa. "Hiki ndicho ulichomlaza nacho mwenzio."

Niliuchana mto kwa meno, sufi ikaruka chumba kizima, nikampa kisutu. Mama alikinusa, akalia. Siku zote nilidhani nimefiwa peke yangu. Kumbe naye alikuwa akikitafuta kwa ajili yake mwenyewe.

Idi alifungwa kisutu, akanyamaza kabla ya magharibi. Kisutu kikakatwa, nami nikapewa kipande kimoja, "cha kumkumbukia," alisema mama.

Juzi nilikwenda Madale kumwona mjukuu wangu aliyejifungua. Mtoto kafunikwa blanketi lenye picha za dubu, feni inazunguka, naye ana harara. "Bibi, hili ni la kisasa, lina manyoya laini!" Nikachomoa uzi, nikaomba kiberiti. "Bibi, utatuunguza!" Hakuna kilichoungua isipokuwa ule uzi, na kidonge kikawa kilekile cheusi. Tulikuwa na nguo tatu tukazijua zote. Wao wana kabati zima na hawajui wamevaa nini.

Kipande changu hukaa kwenye mkoba, chini ya tasbihi. Udi umekwisha zamani. Nilikitoa, na sitasema uongo, mkono ulitaka kukificha tena kama utotoni. Mtoto akalia. Nikamwambia mjukuu wangu amvue blanketi, nikamfunga kile kipande mwenyewe.