Barua Isiyosalimia

Hapana, simu sikumnyang'anya. Alinipa mwenyewe, akaninong'oneza, "Mama, mshikilie huyu. Ongea kama mimi." Basi nikaongea kama yeye. Mungu darasa hakunipa, lakini sauti za watu kanipa zote.

Aliyenipa simu ni mkwe wangu, mke wa mwanangu yule wa kiwanda cha chai Mponde. Ana nyumba ya wageni hapa Lushoto, vyumba vichache tu, na wageni wake ni wale wanaokuja kutembea msituni na kupiga picha vinyonga. Hawampati kwa kuulizia njiani. Wanampata mtandaoni, kwa jina la nyumba yake. Fundi wa kompyuta wa mjini alishanieleza: jina lile limesajiliwa kwenye kampuni, na kampuni ndiyo inalitunza. Mtu akiliiba, wageni wataandika palepale walipozoea, ila atakayewajibu ni mwizi.

Nikamwambia, "Kumbe ni kama mtu kukung'olea bango la duka akalitundike kwake." Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha. Nyumba ile ndiyo inayotulisha.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujapanda. Mkwe wangu kakaa karibu na moto jikoni, kompyuta magotini, mimi nachambua mboga. Zikaingia barua mbili. Zote zinasema jambo moja: thibitisha kwamba jina ni lako, la sivyo linafungwa.

Ya kwanza ya Kiingereza. Akanifasiria, nami nikairudia kwa sauti inayoistahili, sauti ya karani aliyeamka na njaa: "Thibitisha anwani yako. Usipothibitisha, jina litasimamishwa." Basi. Hakuna habari za asubuhi, hakuna pole na kazi.

Ya pili ya Kiswahili. Eeh, hiyo sasa! Nikairudia kwa sauti ya mchumba aliyekuja kujitambulisha ukweni, kofia mkononi: "Shikamoo mteja wetu mpendwa. Habari za nyumbani? Tunaomba kwa heshima na taadhima ubonyeze hapa chini."

Huku kwetu milimani, asiyesalimia hana kwao. Mtoto akimpita mkubwa kimya anarudishwa alikotoka, aje upya. Mkwe wangu kalelewa hivyo hivyo kwao Mgwashi. Akaitazama ile kavu akasonya. "Hawa ndio matapeli, mama. Hata salamu hawana."

"Vyedi, mwanangu," nikasema, yaani vizuri.

Akabonyeza ile yenye adabu. Ukafunguka ukurasa wenye nembo ya kampuni, ile ile anayoijua. Ukamuomba neno la siri. Akaliandika.

Mara ujumbe ukaingia kwenye simu, una namba. Hajamaliza kuusoma, mtu akapiga.

"Shikamoo mama." Sauti laini, kama imepakwa samli. "Ni mimi wa huduma kwa wateja. Umefanya vizuri sana, mama yangu. Imebaki hatua moja tu, nisomee hizo namba zilizoingia."

Mkwe wangu akafungua mdomo. Akautazama ule ujumbe. Akaufunga mdomo. Uso ukamgeuka majivu, maana chini ya namba paliandikwa: usimpe mtu yeyote, hata akisema ametoka kwetu. Ndipo akanipa simu yake, akachukua kitochi changu, kisimu kile cha vitufe, na kompyuta, akaingia chumba cha pili, mlango wazi, akampigia fundi.

"Mama, upo?" samli inauliza.

"Nipo, baba," nikasema kwa sauti ya mkwe wangu, ile nyembamba inayopitia puani. "Natafuta miwani."

Sikio moja kwa mwizi, la pili chumbani. Fundi anafoka ndani ya kitochi: "Neno la siri umeshaliandika? Basi amebakiza hizo namba tu, dada. Akizipata anaingia, anabadili kila kitu, jina linakuwa lake. Sasa nisikilize. Kiungo cha barua yoyote usikiguse tena. Andika mwenyewe anwani ya kampuni, ile uliyoizoea. Ingia kwa mlango wako; kompyuta yako wanaijua, kuingia tu hawatakuomba namba."

"Mama, hizo namba zinaisha muda wake."

"Ni kweli, baba. Na mama yako mzazi hajambo?"

"Hajambo. Namba, mama."

"Na baba yako?"

"Wazima wote."

"Tushukuru. Kwani kwenu wapi? Nisije nikawa naongea na shemeji yangu hapa."

Nikamsikia anavuta pumzi. Salamu huku hazikatwi katikati; ukizikata umejivua nguo mwenyewe. Naye alilijua hilo, ndiyo maana alitujia na shikamoo. Nikamfunga kwa kamba yake. Nikamuuliza mvua, nikamuuliza mahindi, nikamuuliza kama huko aliko baridi inawakuta. Jasho linanitoka na ukungu umejaa dirishani.

Chumbani fundi anasema, "Umeingia? Haya, rudi uzitazame zile barua. Jina la mbele liache, pale mtu anaandika analotaka. Soma anwani iliyotuma, yote, mpaka mwisho."

Kisha sauti ya mkwe wangu, ndogo: "Hii ya salamu inaanza na jina la kampuni. Halafu inamalizikia na kitu kingine, sikijui."

"Na ile kavu?"

"Inaishia kwa kampuni yenyewe."

"Humo ndani ulimoingia kuna taarifa yoyote?"

"Ipo. Ni ile ile. Thibitisha anwani."

"Basi isiyosalimia ndiyo ya kweli. Imeandikwa na mashine, dada. Mashine nani akaifundishe shikamoo? Badili neno la siri kwanza, kisha ithibitishe humo humo ndani."

Nilitamani kucheka, sikuthubutu. Mkwe wangu alitokea mlangoni ananyooshea kidole simu. Kampuni imetuma namba nyingine, kuhakikisha anayebadili neno la siri ni yeye. Na simu iko sikioni mwangu.

Ikalia papo hapo.

"Nimesikia mlio, mama," yule akasema haraka. "Zisome hizo hizo mpya."

Nikaitoa simu sikioni taratibu, nikamgeuzia mkwe wangu kioo, huku napiga kelele: "Subiri baba, sufuria linafurika! Toka wewe paka!" Paka wenyewe hatuna. Mkwe wangu akazisoma kwa midomo tu, akakimbilia kompyuta. Nikasikia vidole vyake. Kisha sikusikia kitu.

Kimya kile ndicho kilichonimaliza. Sauti ya mkwe wangu ikaniponyoka, ikatoka yangu mwenyewe, ya kizee, na kikohozi chake: "Haya baba, tulikuwa tumefika kwa shangazi zako."

Samli yote ikamwagika. "We bibi! Nani kakupa simu? Mrudishie mwenyewe asome namba, unanipotezea muda!"

Mkwe wangu akarudi, akasimama mbele yangu. Tangu aolewe kwetu sijamsikia akianza na mtu bila salamu. Hata muuza nyanya aliyempunja jana, leo anamuuliza kwanza watoto wameamkaje. Akaichukua simu mkononi mwangu. Hakumsalimu, hakumuaga.

"Namba nimeshazitumia mimi."