Fundi Waya na Kisanduku cha Matundu Manne

Mtaani wanamwita Fundi Waya, na hata mkewe akimtafuta huuliza majirani hivyo hivyo: "Hamjamwona Fundi Waya?" Jina lilimganda enzi za studio ya kurekodi nyimbo, alipokuwa haonekani bila waya shingoni, kama daktari na kile kipimo chake cha kifua. Watu husema amestaafu. Yeye husema hakustaafu, studio ndiyo iliyomkimbia. Kwanza waliondoa mashine za kanda, kisha wakaondoa watu, kisha wakang'oa zulia na kile kioo kikubwa kilichowatenganisha waimbaji na mafundi. Mwisho jengo likapangishwa kwa muuza magodoro.

Hilo la magodoro ndilo linalomchoma. Miaka nenda miaka rudi walikuwa wakiomba magodoro mawili matatu ya kuegemeza ukutani ili yazime mwangwi, na ofisi ikiwajibu kwamba hakuna. Leo ukumbi ule umejaa magodoro hadi darini. Aliingia siku moja akijifanya mnunuzi, akapiga kofi katikati ya chumba, na kofi likafa palepale, safi, bila mwangwi hata chembe. Muuzaji akamuuliza kama anasumbuliwa na mbu.

"Nasumbuliwa," akasema Fundi Waya, akatoka.

Siku hizi anarekodi nyumbani, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mkaa. Ukutani amebandika trei tupu za mayai na kutundika blanketi kuukuu juu yake. "Trei zote hizi," mkewe humwambia, "na yai sijaliona hata moja." Kuna meza, kuna kompyuta aliyopewa na binti yake, kuna maikrofoni moja nzito aliyoiokoa studio ilipokuwa ikiuza vitu vyake. Na kati ya maikrofoni na kompyuta kuna kisanduku cha bati, kidogo kuliko tofali, ambacho kazi yake ni kuipokea sauti kutoka kwenye waya na kuikabidhi kwa kompyuta. Bila kisanduku, hao wawili ni kama wakwe waliokosana, wanatazamana tu.

Kisanduku hicho kimezeeka. Kina matundu mawili ya kuchomekea waya, na moja limekufa. Kitufe cha kuongezea sauti kinakwaruza kisipobanwa na kipande cha boksi la kiberiti kilichokunjwa, na ni Fundi Waya peke yake ajuaye kukikunja. Hata kikitulia, nyuma ya kila wimbo kuna mvumo, kama maji ya bomba la jirani. Yeye mvumo huo hausikii tena. Au anausikia na anaupenda, maana kanda za zamani nazo zilivuma hivyo.

Binti yake, ambaye kazi yake ni kuhariri matangazo ya biashara ya redioni, alikuwa amemsihi mpaka akachoka.

"Baba, hiki kimeshakufa. Wewe unakipepea tu kama moto wa kuni mbichi."

"Tunaelewana nacho."

"Mnaelewana ninyi wawili. Jumamosi anakuja mama mkubwa, na yeye hana muda wa kusubiri ukunje kiberiti."

Hapo alimbana. Mama mkubwa huyo ni mke wa marehemu kaka yake Fundi Waya, mshonaji wa nguo ambaye jioni za ujana wake aliimba. Cherehani yake imeshapata mwenyewe, na mwisho wa mwezi anahamia kwa mwanawe, mbali, safari ambayo mtu wa umri wake haifanyi mara mbili. Koo nalo limeanza kumwangusha. Akiurudia wimbo mara mbili tatu, unaofuata hutoka pumzi tupu. Alikuwa ameomba jambo moja kabla ya kuondoka: auimbe tena ule wimbo wao, yeye na seremala aliyeimba naye tangu ujana, urekodiwe, kwa sababu kanda yake ilipotelea huko huko studio ilipofungwa.

Basi Fundi Waya akawa na mtihani. Abaki na kisanduku anachokijua, ambacho kinaweza kumkwaruzia shemeji yake wimbo wa mwisho? Au aingize nyumbani kigeni asichokijua tabia?

Ijumaa binti alikuja nacho. Dukani walimruhusu akijaribu, wasipokipenda akirudishe Jumatatu. Kilikuwa chepesi, cheusi, chenye matundu manne na taa ya kijani kuzunguka kila kitufe.

"Kila mwimbaji na maikrofoni yake," binti akaeleza. "Na kina akili hiki. Sauti ikizidi kinaipunguza chenyewe, ikipungua kinaipandisha. Wewe hugusi kitu."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Utapumzika, baba."

"Kupumzika tumewaachia marehemu."

Enzi za studio hakukuwa na mambo ya kila mtu na maikrofoni yake. Maikrofoni ilikuwa moja, waimbaji wameizunguka kama watu wanaoota moto, na sauti zilichanganywa kwa miguu. Fundi Waya alipiga magoti na chaki, akachora alama za msalaba juu ya zulia: wewe wa sauti nzito kaa kule nyuma, wewe wa sauti nyembamba sogea hapa. Shemeji alikuwa na sauti ya kupanda ghafla. Akifika kwenye kiitikio cha mwisho, mshale wa mashine uliruka hadi kwenye wekundu. Fundi Waya, nyuma ya kioo, alimwinulia kiganja, naye shemeji akarudi hatua moja, taratibu, sauti bado ameishikilia. Baadaye hakuhitaji tena kiganja. Wimbo ukipanda, mguu unakwenda wenyewe, na kwenye kanda unaisikia sauti inakua na papo hapo inakwenda mbali, kama mtu anayekuaga akiwa ng'ambo ya bonde. Watu waliisifu sauti ile. Hawakujua kwamba walikuwa wakiusifu mguu.

Na watu walisikilizana wakati huo, walilazimika. Ukimfunika mwenzako hakukuwa na mashine ya kukuokoa, ila macho ya wenzako wote yaliyokugeukia. Siku hizi mmoja anaimba kwake, mwingine anaimba kwake, kisha mtu ambaye hawajawahi kumwona anakuja kuwaunganisha. Halafu wanashangaa kwa nini wimbo hauna joto.

Jumamosi asubuhi seremala alifika wa kwanza, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Shemeji akafuata, kitambaa shingoni, ndara miguuni. Binti akawapanga, huyu kona hii, yule kona ile, kila mmoja na maikrofoni ya kuazima mbele yake na hedifoni masikioni. Fundi Waya akakaa kwenye stuli, mikono mapajani, akipumzika kama alivyoagizwa.

Wakaimba. Walipomaliza, seremala alivua hedifoni na kuzitazama.

"Mimi humu najisikia mwenyewe tu," akasema. "Sijawahi kujipenda kiasi hicho."

"Na mimi mmenifunga kama mbuzi wa mnadani," shemeji akasema, akijinasua kwenye waya.

Binti akaucheza wimbo. Sauti zilikuwa safi, kila moja peke yake, kama vyombo vilivyooshwa vikasahaulika juani. Kikaja kiitikio cha mwisho. Shemeji alikuwa amerudi hatua yake kama kawaida, mguu hausahau, lakini kisanduku kilipoona sauti inapungua kilimfuata kikamvuta. Sauti haikwenda mbali. Ilibaki palepale usoni mwa msikilizaji, ikihema.

"Mbona sikuondoka?" shemeji akauliza.

"Kimekurudisha," akasema Fundi Waya, kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Nitapanyoosha baadaye," binti akasema.

"Baadaye mimi nitakuwa nimeshaondoka, mwanangu," shemeji akasema.

Fundi Waya alikuwa ameshainuka. Akachomoa kipya, akachomeka cha zamani, akakunja kipande chake cha kiberiti, akakibana chini ya kitufe. Kisha akapiga magoti na chaki, magoti yakilia kuliko yeye, akachora misalaba miwili kwenye saruji. Seremala na shemeji wakasimama juu yake bila kuambiwa nani awe wapi. Hedifoni zilikuwa zimerundikwa mezani.

Safari hii walitazamana. Seremala alianza chini, shemeji akaingia juu yake bila haraka, na chumba cha mkaa kikawa chumba kingine. Binti aliacha kuchezea simu. Fundi Waya alikuwa amefumba macho, amerudi nyuma ya kile kioo, na kiitikio cha mwisho kilipokaribia kiganja chake kilipanda chenyewe.

Shemeji akarudi hatua. Na kisanduku kikakwaruza, mkwaruzo mrefu, mbaya, wa bati linaloburutwa, juu ya sauti yenyewe.

Hakuna aliyemlaumu, na afadhali wangemlaumu. Seremala alijifanya anakagua mguu wa meza kama umelegea. Shemeji alijishika koo.

"Imebaki moja, shemeji," akasema kwa sauti iliyokwisha kukauka. "Ikipita hiyo mtaimba wenyewe."

Fundi Waya alikaa na kisanduku chake mkononi. Kilikuwa na joto, kama siku zote. Kilikuwa kimemrekodia kila aliyeingia chumba hiki, na hakikuwa na kosa lolote ila uzee, na uzee yeye alikuwa anaujua. Lakini haukuwa wimbo wake. Akakiweka kando, upande wa blanketi, akamgeukia binti.

"Hiyo akili ya kile kingine, inazimwa?"

"Inazimwa, baba."

"Na matundu matatu yakikaa bure, kitanuna?"

"Hakitanuna."

"Basi kizime akili, unichomekee maikrofoni yangu. Moja tu. Na kipimo napima mimi."

Binti akafanya hivyo. Fundi Waya akakizungusha kitufe cheusi kwa vidole viwili, akiwasikiliza wakijaribu, mpaka akatikisa kichwa kukubali. Kitufe kilikuwa laini mno, hakikumpa shida hata ya kumchangamsha. Kisha akainua kiganja, nao wakaimba ile iliyobaki. Sauti ya shemeji ilitetemeka pale mwanzo, ikachanika kidogo katikati, akaishona akiwa njiani, akaendelea. Kwenye kiitikio akarudi hatua yake. Alipomaliza alikaa kwenye stuli na kunyamaza kabisa, kwa kuwa hakikubaki kitu cha kusemea.

Wakausikiliza. Mvumo haukuwepo, na Fundi Waya mwanzoni alihisi baridi, kama mtu aliyetolewa shuka. Sauti zilikuwa karibu, nzee, za watu wawili wanaojuana. Kiitikio kikapanda. Na hapo, chini ya sauti ya shemeji, kabla tu haijaanza kwenda mbali, kilisikika kitu kingine, kidogo, kama cha kukokotwa: *shwaa*.

Ilikuwa ndara ikiburutwa kwenye saruji.

Fundi Waya aliinama mbele. Miaka yote ile zulia nene lilikuwa limekula hatua hiyo, na kile ambacho zulia halikukila, mvumo ulikifunika. Alikuwa ameiona hatua ile mara zisizo na idadi, nyuma ya kioo. Hakuwahi kuisikia.

Binti naye alikuwa ameisikia. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kompyuta. "Hiyo ndara naiondoa sasa hivi, baba, wala haitajulikana kama ilikuwepo."

"Iache hapo ilipo."

"Lakini ni kelele."

"Mwanangu," akasema Fundi Waya polepole, "ukiigusa hiyo, utatafuta baba mwingine."

Shemeji akacheka bila sauti, mabega tu. Akanong'ona, "Kumbe natembea kwa kishindo hivyo?"

"Zulia lilikuwa linakufichia, shemeji. Wimbo urudishe tena, binti yangu. Anzia hapo kwenye kiitikio."

Jumatatu kisanduku cheusi hakikurudi dukani. Kiko mezani, akili yake imezimwa, na taa moja tu ndiyo inayowaka. Yale matundu matatu asiyoyatumia Fundi Waya ameyaziba ili vumbi la mkaa lisiingie, kila moja kwa kipande cha boksi la kiberiti, alichokikunja mwenyewe.