Rangi ya Kuvimba Si ya Uso

Siku yangu ya kwanza kwenye atelie, yaani karakana, ya kuchapa nguo pale mjini Baraka sikuchapa chochote. Niliosha fremu. Fremu ni mbao nne zilizowambwa kitambaa chembamba. Rangi hupita pale palipoachwa wazi tu, ikisukumwa kwa rakleti, yaani ulimi wa mpira wenye mpini. Nilidhani nitaosha wiki moja. Niliosha miezi, kwa sababu Patron, bosi mwenye atelie, aliamini mwanamke na maji wanajuana.

Hata hivyo niliiba ujuzi kwa macho, na mwishowe akanifanya mkuu wa atelie, maana yake makosa yote yakawa yangu. Kisha akaenda Bujumbura akarudi na rangi ya kuvimba. Hii unaichapa kama nyingine, halafu unapitisha pasi ya makaa upande wa ndani wa nguo, nayo inaumuka kama mandazi. Kwa herufi inapendeza sana. Patron aliitaka kwa kila kitu, na hapo ndipo aliponichosha kabisa.

Mjane mmoja wa kijiji cha Lweba alikuja kuagiza fulana za kuondoa matanga, siku ambayo kwetu ukoo mzima huvaa uso wa marehemu. Mume wake alikuwa mvuvi. Ugonjwa ulimvimbisha miguu, kisha uso, hadi akafa. Mama huyo alileta picha ya zamani, kabla ya ugonjwa.

"Batu bamuone vile alikuwa," alisema.

Alipotoka tu, Patron akasukuma kopo mbele yangu. "Feza, weka ya kuvimba."

"Kwa majina, ndiyo. Kwa uso hapana, Patron. Unajua vile alikufa."

"Ni mi patron ao ni weye?"

Nilitii. Mpaka leo najikasirikia kwa hilo, maana mkono uliochapa ni wangu. Pasi ilipopita, mashavu yakapanda, macho yakafunikwa. Patron akapiga makofi.

Mjane alifika asubuhi, matanga yakiwa kesho yake. Alipitisha kidole kwenye shavu lile, taratibu.

"Huyu ni ule nilizika," alisema. "Mi nilileta picha ya ule alinioa."

"Mama, ni modeli ya sasa," Patron akamjibu. Ningekuwa na rakleti mkononi, ningempiga nayo.

Fulana nyingine hazikuwapo, na rangi ile haibanduki. Basi nilizigeuza zote nje ndani, uso uliovimba ukabaki kifuani kwa ndani, nikachapa picha upya mgongoni kwa rangi ya kawaida, nyembamba. Sikumuomba Patron ruhusa. Ukoo ukaondoa matanga huku mishono ikionekana, na watu wa barabarani wakacheka.

Sasa nimestaafu, mikono inatetemeka. Vijana wanakuja na simu zao kuniuliza namna ya kuvimbisha hiki na kile. Nawaambia waulize kwanza mwenye picha, wananiitikia "ndiyo, mama," kisha wanafanya wanavyotaka, kama Patron.

Juzi sokoni nilimwona yule mjane mbele yangu, amebeba beseni la ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani. Alivaa fulana ile ile, bado nje ndani. Picha mgongoni imefifia, pua haionekani vizuri tena. Lakini mashavu ni membamba, ya yule aliyemuoa.