Kangambili wa Rwamgasa

Safari yangu ilitokana na ubishi. Ofisini kwetu Shinyanga, tulikochunguza wadudu wa pamba, mkuu wangu Mzee Maganga alisema dume la kangambili humng'ang'ania jike siku nzima kwa mapenzi. Nikacheka, nikasema jike mwenyewe hajaulizwa.

"Basi nenda ukamwulize," akasema. "Ukirudi na hadithi tupu, utaendelea kupima mbegu."

Ilikuwa Juni, katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa mwanamke pekee katika chumba kile.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi la Mwanza. Kivukoni Kigongo upepo ulinipokonya kilemba, ukakitupa ziwani. Sikuwa nimewahi kusafiri peke yangu kabla ya siku ile, nikacheka hadi Busisi, ng'ambo ya pili. Kutoka Geita nilipata lori la pamba, nikafika Rwamgasa nimejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope.

Mwenyeji wangu, Mama Kulwa, alikuwa akianua pamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuja kutazama wadudu wakioana?"

"Ndimi."

"Karibu. Shamba zima ni harusi."

Jumanne asubuhi niliwaona: wadudu wekundu, wawili wawili, wameunganika mkia kwa mkia, kila mmoja akitazama kwake. Niliwatia madume alama za rangi ya kucha. Baba Kulwa, aliyechimba dhahabu wakati wa kiangazi, akaniazima lenzi yake.

Jumatano mchana, jike nililolifuatilia lilikuwa bado linamburura dume lake kinyumenyume. Lilikula, lilipanda shina, lilimpiga mateke. Kwa majike mengine, madume wadogo walikwisha kuachia. Hili kubwa halikuachia, na jingine lilisubiri kando. Wanawake waliokuwa wakichuma waliweka vikapu chini.

"Mpige tena, mwanangu," Mama Kulwa akalihimiza jike.

Alhamisi saa nne, dume liliachia. Lile la pili likaja mbio, lakini jike likapenya kwenye ufa wa udongo, likataga mayai. Nililala kifudifudi kuyatazama, nikijikuta nacheka na machozi yakinitoka.

"Kumbe dume alikuwa anazuia wenzake," nikasema. "Hataki mayai yawe ya mwingine."

"Ni kama shimo la dhahabu," akasema Baba Kulwa. "Ukitoka kunywa maji, mwenzako kaingia."

"Shimo halina miguu," akajibu mkewe, naye mwanamume akakubali kwa kicheko.

Jumamosi nilianza kurudi, daftari nimelifunga kwenye khanga. Jumatatu Mzee Maganga alilisoma lote, nami nimesimama mbele ya meza yake. Nilikuwa nimejifunza kwamba wadudu wale hawakutaka kitu kimoja, na kwamba sisi tulikuwa tumemwandika mmoja tu.

"Dume umempa ukurasa mmoja," akasema hatimaye. "Jike, kurasa nne."

"Yeye ndiye aliyekuwa akitembea, mzee."

Akavua miwani, akacheka, akanivutia kiti kwenye meza ya darubini.