Mataa ya Iode

Mume wangu hakuwahi kusema kwamba macho yake yanakufa. Alisema mataa ya gari yamechoka.

Miaka mingi alikuwa akiunga vyuma kwa moto katika karakana ya mgodi, na moto ule ulimla macho taratibu, kama chumvi inavyokula bati. Alipoacha kazi alinunua kamyoneti kuukuu yenye turubai nyuma. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Tulikaa mtaa wa Manika, karibu na mgodi, tukiishi kwa barabara ya Kasaji: anapeleka sabuni na chumvi, anarudi na mahindi na mihogo. Mtaa mzima ulimwita shofere, na jina hilo alilipenda kuliko koti lake la Jumapili. Kumwondoa kwenye usukani kungekuwa kumvua nguo mbele ya watu. Lakini barabara ile ina baiskeli, baiskeli hazina taa, na kila moja imebebeshwa makala, yaani mkaa wa kupikia, mpaka mwenyewe haonekani. Mwendesha baiskeli mmoja mume wangu tayari alikuwa amemtupa majanini. Mtu aliinuka akitukana, ndivyo tulivyojua kuwa ni mzima. Mimi nilikuwa nikimngoja wa pili.

“Tata, twende ku lopitalo, munganga aangalie macho,” nilimwambia mume wangu.

“Hayiko macho. Ni mataa. We mama unajua nini ya gari?”

Ya gari sikujua. Nilijua kwamba siku hizi anakitafuta kikombe cha chai kwa kupapasa meza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila kifo cha huyu kingempata mtu mwingine kabisa, aliyejiendea zake juu ya baiskeli. Jambo hilo lilinitia hasira hata nikawa naunguza mboga.

Kiangazi kile akaja na boksi kutoka Lubumbashi. Redio yetu ndiyo iliyokwenda badala yake. Niliiona ikitoka mlangoni begani mwa mtu nisiyemjua. Ndani ya boksi mlikuwa na mataa mawili mapya, balbu mbili za iode, zile za mwanga mweupe mkali, waya nene, na kisanduku kidogo ambacho fundi aliyekuja kuyafunga alisema ndicho kitakachobeba umeme, maana ukiupitisha wote kwenye swichi ya zamani, swichi itaungua. Balbu zenyewe hazikutakiwa kuguswa kwa kidole. Fundi alizishika kwa kitambaa safi, polepole, kama padri anavyoshika ekaristi. Mume wangu alisimama karibu akiwaeleza wapita njia kwamba sasa Kasaji itakuwa jirani.

Kwetu taa za kamyoneti hazipimwi gari likiwa tupu. Mzigo ukikaa nyuma, pua ya gari huinuka, na mwanga unakwenda kumulika ndege mitini. Magunia hatukuwa nayo siku ile, basi fundi akawaomba majirani wapande. Wakapanda mama za sokoni, wakapanda watu wa kwaya waliokuwa wakitoka mazoezini, wanaimba na kusukumana, mpaka springi zikalia. Jua lilikuwa ndiyo linazama. Fundi alichora mistari miwili ya makala kwenye ukuta wetu mweupe, kuonyesha mwanga uishie wapi, akaniomba nisimame pale ukutani nishike tochi yake. Mume wangu alikaa kwenye usukani, kwa sababu anayesema mwanga umekaa sawa ni dereva.

Taa zikawaka. Nilifumba macho. Huko nyuma ya gari watu walipiga vigelegele.

“Shofere, iko ku mustari?” fundi aliuliza.

“Iko muzuri.”

Haikuwa kwenye mstari. Mwanga ulikuwa umepanda karibu na bati la paa.

“Tata, angalia tena.”

“Nimesema iko muzuri! Na mama ya batoto iko wapi? Aje aone mataa!”

Nilikuwa mbele yake, katikati ya mwanga ule, nimevaa kitenge chekundu. Watu wakaangua kicheko, wakidhani ananitania. Yeye aliposikia wanacheka, naye akacheka. Fundi alinitazama, kisha akainama akakaza skrubu, akaushusha mwanga mpaka mstarini bila kumwuliza mtu tena. Mimi nilishika tochi yake kwa mikono miwili. Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Safari iliyofuata niliacha meza yangu sokoni nikapanda mbele. Hakuniuliza sababu. Kwenda, mchana, nilikuwa nasema kama mtu anayejisemea: shimo hilo, mbuzi hao, daraja limekaribia. Alijibu kwa kunikata kauli, “Naona, naona,” lakini usukani ulifuata sauti yangu.

Kurudi tulichelewa kupakia mahindi. Jua likatua tukiwa njiani, na moshi wa majani yanayochomwa ulikuwa umeziba kote. Akawasha taa. Nikaona kila kitu: majani, kichuguu, jiwe la kilomita.

“Mama,” aliniuliza kwa sauti ya chini, “mataa iko nawaka?”

“Iko nawaka, tata.”

Hapo nikamwona mwanamume mwenye baiskeli ya makala amesimama katikati ya barabara, mkono umeziba macho, mwanga umempofusha.

“Simama! Kuna mutu!”

Alisimamisha gari. Yule mtu aliigusa pua ya gari kwa kiganja, akalizunguka akiburuta baiskeli yake, hata kutukana hakutukana. Mume wangu akazima injini. Akasema, “Tafuta mwenye atatuendesha.” Nikatoa kichwa dirishani kutazama kama kuna gari linalokuja.

Lori likapita, likasimama. “Citoyen, kuna nini?” watu wa lori wakamwuliza mume wangu, maana siku zile kila mtu aliitwa raia, nami nikajibu kwamba shofere anaumwa. Dereva wao wa pili akaja kushika usukani wetu. Mume wangu alisogea katikati, akakaa baina yetu, mikono juu ya magoti, uso mbele.

Yule dereva alifurahi njia nzima.

“Tata, haya mataa! Nani alikuwekea? Utazani ni muchana! Angalia, mi naona mpaka kule ku mulima. Unaona?”

“Eh, mwanangu,” mume wangu akajibu. “Niko naona.”