Mafuta ya Lazhar

Madereva wa teksi wanaoegesha Bab Jebli, mjini Sfax, Tunisia, walikuwa hawanunui mafuta mpaka wamwulize Mongi kwanza. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na minane. Akiingia mkahawani saa moja asubuhi, hata hajaketi, mtu ameshapaza sauti:

"Leo wapi, Mongi?"

Naye hajibu papo hapo. Atavuta kiti, ataagiza kahawa, atachungulia gazeti la jirani, ndipo aseme. Leo msiende njia ya Gremda, mafuta ya pale yamelala juani wiki nzima. Nendeni njia ya Gabes, kilomita ya kumi na saba, mkishapita kinu cha zeituni, kwa Mabrouka. Mafuta yenyewe yalitoka Libya kwa magari madogo, yakauzwa kandokando ya barabara katika madumu ya lita ishirini, kwa bei ambayo kwenye kituo cha mafuta utaiota tu. Tatizo ni kwamba wauzaji walikuwa wengi na waaminifu wachache. Huyu anatia maji, yule anatia mafuta ya taa, na injini inakuzimikia katikati ya mzunguko wa barabara, abiria akikutazama. Mongi alikuwa na pua. Akifungua kifuniko na kunusa mara moja, keshajua.

Kwingine hakuwa na la kujivunia. Kaka yake alikuwa daktari wa macho, jina lake limechongwa kwenye bamba la shaba mlangoni. Yeye shule ilimtema mapema, kiwanda cha mbolea kikampunguza, akaendesha teksi ya mtu miaka tisa kabla ya kupata yake. Nyumbani, mkewe Souad ndiye aliyekuwa na jibu la kila jambo. Lakini pale mkahawani, wanaume kumi na wawili walisubiri yeye afungue kinywa.

Basi akaja Lazhar.

Lazhar alikuwa mtu wa hapohapo Sfax aliyekaa Ufaransa, Grenoble, miaka thelathini na mmoja. Alirudi na pensheni, akanunua teksi mpya inayong'aa, akaanza kuja Bab Jebli. Wiki tatu za kwanza alikaa meza ya pembeni peke yake, anasalimia, anaitikiwa, basi. Hakuna aliyemchukia, ila hakuna aliyemhitaji.

Siku moja mazungumzo ya mafuta yalipopamba moto, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nina mtu wangu. Nikiwaletea dumu kwa dinari ishirini na mbili, mtataka?"

Kwa Mabrouka dumu lilikuwa dinari ishirini na sita. Watu wakageuza shingo.

"Ishirini na mbili?" akauliza Hamadi, dereva mnene mwenye maneno mengi. "Mtu wako huyo ana kisima chake?"

"Ni jamaa tu. Hataki kujulikana."

Kesho yake akafungua buti. Madumu sita, yamejaa vumbi kama yaliyotoka jangwani muda huohuo. Mongi akajisogeza na uso wa mtu aliyeitwa kutoa hukumu. Akafungua dumu la kwanza, akanusa. La pili, akanusa.

"Vipi, mkuu?" akauliza Hamadi. "Maji?"

Mongi alitamani yawe maji. Alitamani kwa moyo wake wote. Lakini mafuta yalikuwa safi kama machozi.

"Siyo mabaya," akasema, akafunga kifuniko.

Mwezi haukuisha, swali la asubuhi likabadilika. Sasa walimwuliza Lazhar: leo umeleta mangapi? Lazhar akahamia meza ya kati. Lazhar akawa anasimulia theluji ya Grenoble na watu wanacheka. Mongi alikunywa kahawa yake akimhesabia mali. Jamaa alikuwa na kila kitu: pensheni, gari jipya, Kifaransa cha kupiga stori na watalii. Katika vitu vyote vya duniani alikosa nini hata aje kumnyang'anya mwenzake kile kimoja?

Nyumbani akawa hasemi na watu. Anasukuma sahani ya kuskusi ya samaki, anazungumza na ukuta.

"Mtu hawezi kupata dumu kwa ishirini na mbili. Hawezi! Mpakani penyewe haliuzwi hivyo."

"Mume wangu," akasema Souad, "kama yeye anapata, nunua kwake unyamaze. Tutabaki na hela ya kiatu chako hicho kinachopumua."

"Ninunue kwake? Mimi?"

"Hee! Kijiba cha roho kitakuua, Mongi."

Kilichomkosesha usingizi ni harufu. Mafuta ya barabarani yanakaa siku nyingi kwenye plastiki na jua, yanashika harufu ya dumu. Mafuta ya Lazhar hayakuwa na harufu hiyo. Yalinukia upya. Kadiri Mongi alivyowaza ndivyo alivyoona kuna jambo, na Alhamisi asubuhi akamwambia mkewe kwamba hatafanya kazi mpaka saa sita, anamfuata mtu.

"Hata mimi ulipokuwa unanitaka hukunifuata hivyo," akajibu Souad, na akamfungia mkate na zeituni za kula njiani.

Lazhar alitoka kwake saa mbili, akashika njia ya Mahdia. Mongi akawa nyuma yake magari matatu manne, shingo imezama mabegani. Alitarajia kichochoro, ghala, lori la magendo. Kilomita ya tisa Lazhar akakata kulia, akaingia kituo cha mafuta, kituo halali chenye pampu na bei zimeandikwa juu. Akashusha madumu sita. Mhudumu akayajaza moja baada ya jingine. Lazhar akatoa pochi akalipa, bei ileile anayolipa mtu yeyote, dinari thelathini na nane kila dumu.

Mongi alidhani macho yanamdanganya. Akamfuata tena. Mbele kidogo, Lazhar akasimama kando ya shamba la mizeituni, akafungua buti, akachota udongo kwa viganja vyake na kuyapaka madumu, polepole, kila upande, kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Akarudi nyuma hatua mbili akayatazama. Akaongeza kidogo kwenye dumu moja lililokuwa bado jeupe.

Furaha ya kwanza ilimpanda Mongi mpaka akapiga usukani. Nimemnasa! Lakini alipokuwa akirudi mjini, furaha ikageuka ikawa kitu kingine kikali zaidi. Kumbe jamaa hakuwa na pua wala mtu wala siri. Alikuwa na pesa tu. Alichokipata Mongi kwa miaka kumi na minane ya kunusa na kubahatisha na kuharibu injini mbili, Lazhar alikinunua kwa dinari kumi na sita za hasara kwa kila dumu. Na angeweza kuendelea kukinunua mpaka kufa.

Ijumaa asubuhi hakungoja kahawa. Alisimama katikati ya mkahawa.

"Mwulizeni Lazhar mtu wake anaitwa nani. Mwulizeni kama anavaa sare ya kituo cha mafuta, kilomita ya tisa njia ya Mahdia!"

Akasema yote. Pampu, pochi, udongo. Alipofika kwenye udongo aliigiza kabisa kwa mikono, na mtu mmoja akacheka, halafu hakuna aliyecheka tena. Lazhar alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini taratibu, akavaa kofia yake.

"Samahanini, jamani," akasema, akatoka.

 Mongi akatazama uso mmoja baada ya mwingine akingoja pongezi.

"Sasa Mongi," akasema Hamadi mwishowe, "hapo umetusaidia nini?"

"Nimewaambia ukweli! Alikuwa anawachezea!"

"Ananichezea kwa kunipunguzia bei? Bwana, na anichezee tu. Sasa mafuta tunapata wapi?"

Tena ikawa bahati mbaya juu ya bahati mbaya, kwani wiki hiyohiyo mpaka wa Libya ulifungwa, na kwa Mabrouka hapakuwa na hata tone. Madereva wakajaza kwenye pampu huku wakinung'unika, na kila walipolipa walimkumbuka Lazhar. Maskini, alikuwa mtu mwema. Mpole vile! Hamadi na wenzake wawili walikwenda kumtazama nyumbani kwake na kifurushi cha makrudhi, vile vitafunio vitamu vya tende, na hawakumwambia Mongi. Alisikia siku tatu baadaye, kwa midomo ya wengine. Akagundua kwamba anamwonea wivu mtu asiyekuwapo, na kwamba wivu huo ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu mtu asiyekuwapo hakosei.

Souad ndiye aliyemaliza. "Nenda kamwombe radhi. Si kwa ajili yake. Kwa ajili yangu, nimechoka kulala na mtu anayesaga meno."

Akaenda Jumapili baada ya alasiri, na chupa ya mafuta ya zeituni ya shamba la mkwewe. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba nyumba itakuwa kasri, na kweli ilikuwa ghorofa mbili, marumaru mpaka barazani. Hapo roho ikamuuma upya. Lazhar akafungua mwenyewe. Ndani madirisha mengi yalikuwa yamefungwa, na viti vya sebuleni bado vimevikwa plastiki. Mezani palikuwa na sahani moja, kijiko kimoja, glasi moja.

"Watoto wako?"

"Grenoble. Mama yao tulimzika huko. Wanapiga simu Jumapili, wakikumbuka." Akamvutia kiti. "Karibu, Bwana Mongi. Umekuja kunimaliza?"

Mongi akaweka chupa mezani. Maneno aliyoyapanga yakamtoroka. "Nilikosea kukusema mbele za watu."

"Ulisema kweli."

"Hata hivyo. Lakini niambie, kwa nini? Pesa yote ile!"

Lazhar akafikiri. "Nilikaa wiki tatu pale. Mtu akiuliza saa, anauliza meza nyingine. Halafu unaingia wewe, na viatu vyako hivyo, usinikasirikie, na watu wote wanageuka. Nikasema, huyu bwana ana nini? Nilikuonea wivu mpaka sikuweza kula. Ningefanya nini? Mafuta siyajui. Pesa ninayo."

 Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno kama hilo, hata kaka yake, hata mama yake. Alitaka lirudiwe, ila aliona haya kuomba.

"Kunusa ni kitu cha kufundishika," akasema hatimaye.

Mpaka wa Libya ulipofunguliwa tena, wakaenda pamoja kwa Mabrouka. Alikuwa mama mjane wa kutoka kusini, mwenye faneli na kitambaa cha kuchujia, na hakuwa mtu wa kuchekacheka. Mongi akamwonyesha Lazhar jinsi ya kufungua kifuniko, jinsi ya kunusa kwa mbali kwanza, kisha kwa karibu. Lazhar akanusa, akakohoa, macho yakamtoka machozi. Mabrouka akacheka kwa sauti, kitu ambacho Mongi hakuwahi kukisikia kwa miaka kumi na miwili ya kununua pale.

"Huyu mgeni wako umemtoa wapi? Kaa, baba, unywe chai," akamwambia Lazhar, akamtolea kigoda. Wakati wa kulipa akamnong'oneza, na Lazhar akamshukuru mara mbili.

Mongi alinyamaza kilomita sita nzima. Ya saba akashindwa.

"Amekupunguzia?"

"Dinari moja tu."

"Moja! Kwa kila dumu?"

"Kwa kila dumu. Kasema nina adabu."

"Miaka kumi na miwili, Lazhar! Kumi na miwili, hajanipunguzia hata senti! Nakuonea wivu, bwana, sikufichi."

"Najua," akasema Lazhar. "Tazama mbele, kuna lori."